Vibarua wamekimbia mashimo ya nguzo: nifanyeje na mawe haya?

Swali: "Habari za kazi, fundi. Nina kiwanja cha mita 30 kwa 40 chini ya kilima, pembeni mwa jiji la Mwanza. Nimeshanunua nguzo 50 za zege za futi 8, unene sentimita 10 kwa 10. Nataka kuzungusha senyenge mistari sita ili mbuzi wa watu wasiingie kwenye mihogo yangu, na geti la mita 4 mbele. Vibarua wamechimba mashimo matatu kwa siku mbili. Kila wakifika kama futi moja wanagonga jiwe. Wameacha kazi. Mmoja alishauri tuchome matairi juu ya mawe yapasuke. Wa pili akasema nikate nguzo ziwe fupi. Wa tatu akasema nimwage zege juu ya jiwe na kusimamisha nguzo hapo hapo. Nimsikilize nani?"

Jibu: Dada, wa kwanza na wa pili waache kabisa. Wa tatu amegusa jambo lenye ukweli ndani yake, ila akilifanya kama alivyolisema, nguzo itaanguka siku utakapokaza waya. Nitakueleza kwa nini, lakini kabla ya hapo kuna maswali mawili ambayo vibarua wako hawakujiuliza: jiwe waliloligonga ni jiwe gani, na nguzo ya mahali pale ina kazi gani? Ukishayajibu, utakuta mashimo yako mengi hayahitaji kuvunja jiwe lolote.

Nianze na jiwe lenyewe. Mawe ya Mwanza ni itale, yaani graniti. Itale hilo lilipokuwa bado chini ya ardhi lilikuwa na nyufa zilizokatana mithili ya ukuta wa matofali. Maji yakapita kwenye nyufa kwa miaka mingi mno, yakalainisha kona na kingo kwanza, hata kila kipande kikabaki gimba la mviringo lililozama kwenye changarawe iliyotokana na jiwe lile lile kuoza. Pale mvua zilipoisomba changarawe, magimba yalibaki wazi yamepandana. Ndiyo unayoyaona vilimani, na ndiyo yale ya Jiwe la Bismarck pale ziwani. Chini ya kiwanja chako hali ni hiyo hiyo, ila changarawe bado ipo. Kwa hiyo kibarua akigonga jiwe kwenye futi moja, mara nyingi amegonga kichwa cha gimba lenye mwanzo na mwisho, na nusu mita pembeni udongo unaendelea kushuka. Mwamba mama, ule usio na mwisho, nao upo, hasa ukikaribia mguu wa kilima. Namna ya kushughulika nao ni tofauti kabisa, ndiyo maana ni lazima uvitofautishe kabla hujamlipa mtu.

Ukubwa wa gimba unaamua kila kitu, na hesabu yake ni nyepesi. Itale lina uzito wa kilo 2,650 hivi kwa mita moja ya ujazo. Gimba la kipenyo cha sentimita 50 lina kilo 170 na ushee: watu wawili wenye mitaimbo wanalitoa. La sentimita 60 linafika kilo 300, linatoka kwa shida. La mita moja lina karibu kilo 1,400, na hilo usipoteze muda nalo, hamisha shimo.

Kupima kabla ya kuchimba

Chukua nondo ya milimita 12, urefu mita 1.2, mpelekee fundi wa vyuma aichonge ncha. Funga kamba ya mpaka kwa kunyoosha, weka alama za nguzo, kisha kwenye kila alama pigilia nondo hiyo kwa nyundo ya kilo 2 mahali patano: katikati, na pande nne, kila upande sentimita 30 kutoka katikati. Kila ikigota, shika nondo kwa kidole usawa wa ardhi, ing'oe kwa kuizungusha na spana ya bomba, pima kina, andika kwenye karatasi. Usiamini kumbukumbu, ukifika alama ya kumi na tano zote zimechanganyika.

Sikiliza pia. Nondo ikigonga gimba dogo au jiwe lenye ufa, mlio ni mfu na mkono unahisi kitu kimecheza. Ikigonga jabali zima, inalia kama kengele na kurudisha mtetemo mpaka kwenye kiwiko.

Soma matokeo hivi. Katikati imegota sentimita 30 lakini pande mbili zimeshuka hadi 70: hilo ni gimba, na ukingo wake umeshaupata, sogeza shimo kuelekea upande ulioshuka. Zote tano zimegota kina kimoja: inaweza kuwa gimba kubwa au mwamba mama, kwa hiyo pima tena nusu mita mbele na nusu mita nyuma kwenye mstari ule ule wa kamba. Nako kukigota vivyo hivyo, hesabu kwamba ni mwamba. Kazi hii kwa watu wawili inakula siku moja au mbili, na kila saa utakayoitumia hapo itakuokolea saa nyingi za mtaimbo.

Utaniuliza, nikisogeza nguzo si nafasi zitakuwa hazilingani? Ndiyo, na haina neno. Nguzo za katikati ya mstari kazi yake ni kushika nyaya zisilegee na zisikutane, wala senyenge haijali kama nafasi moja ni mita 2.6 na inayofuata ni 3.4. Angalizo moja tu: sogeza kwa urefu wa mstari, kamwe usisogeze upande wa jirani. Ukilazimika kutoka kwenye mstari, ingia ndani ya kiwanja chako. Na jiwe la mpaka alilopanda mpima ardhi usiligeuze kuwa nguzo wala usilichimbue kwa sababu yoyote.

Nguzo 50 zako, nizihesabu upya

Hapa kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini litakugharimu. Mzunguko wa kiwanja ni mita 140. Ukitoa geti la mita 4 unabaki na 136. Nguzo 50 zinatoa nafasi 49 za mita 2.8 hivi. Lakini hujaweka mategemeo, yaani nguzo za mshazari zinazoegemezwa kwenye nguzo ya kona au ya geti ili isilale waya ukikazwa. Kila nguzo ya kona inavutwa na nyaya za pande mbili, kwa hiyo inataka mategemeo mawili. Kila nguzo ya geti inataka moja. Jumla 10. Bila hayo, kona italala ndani kabla ya mwaka kwisha hata ukiizika mita nzima.

Ushauri wangu ni huu: chukua nguzo 10 kati ya 50 ziwe mategemeo, zibaki 40 za kusimama. Nafasi zinakuwa 39, kila moja wastani wa mita 3.5. Katikati ya kila nafasi funga fito iliyonyooka, au kipande cha nondo nyembamba, kwenye nyaya zote sita bila kugusa ardhi. Fito hiyo inazuia mbuzi kutenganisha nyaya kwa kichwa, jambo ambalo nguzo ya zege iliyo mbali haiwezi. Hujanunua nguzo hata moja ya ziada, na mashimo marefu kumi yamepungua. Kwenye ardhi ya mawe, huo ni ushindi mkubwa.

Sasa zipange 40 hizo kwa kazi zake, maana kina cha shimo kinafuata kazi. Kona nne na nguzo mbili za geti ndizo zinazobeba mvuto wote: sentimita 80, kwa zege. Zinazofuata kwa umuhimu watu wengi huzisahau, nazo ni nguzo zilizo kwenye bonde la mstari, pale ardhi inaposhuka kisha ikapanda. Waya ukikazwa unataka kunyooka, na kwenye bonde kunyooka maana yake ni kupanda juu. Nguzo hiyo haisukumwi, inang'olewa, kama jino. Nayo ni ya zege, kina chochote utakachopata, mradi chini pawe papana kuliko juu. Kinyume chake, nguzo iliyo kwenye kilele cha mwinuko inakandamizwa chini na nyaya. Hiyo hata sentimita 40 inatosha ikikalia jiwe. Zilizobaki, za mstari ulionyooka kwenye ardhi tambarare, lengo ni sentimita 60, na ukipata 45 zenye ubavu mzuri wa mawe, kubali na uendelee.

Ndiyo sababu kukata nguzo hakukusaidii. Nguzo ya mita 2.4 ikizikwa sentimita 45 inabaki na mita 1.95 juu, na yule kibarua anaona ni ndefu mno. Lakini kinachoisukuma nguzo ni nyaya, na waya wako wa juu kwa ajili ya mbuzi uko mita 1.4 tu kutoka ardhini. Kichwa kilichozidi juu ya waya huo hakivutwi na chochote. Ukikata, umepunguza uzito wa nguzo na kuacha nondo wazi ishike kutu, uimara hujaongeza. Kama vichwa visivyolingana vinakukera macho, kata juu baada ya kazi yote kwisha na uzibe nondo kwa saruji na mchanga.

Kuchimba kwenyewe

Vifaa: mitaimbo miwili ya mita 1.5 hadi 1.8, yenye ncha upande mmoja na bapa upande wa pili, sururu kwa futi ya kwanza tu, nyundo ya kilo 5 au 6, tindo mbili, karai, na kopo la kilo moja la kuchotea. Jembe na chepe havina kazi ukishapita sentimita 40. Mpelekee mhunzi mitaimbo ainoe kabla ya kuanza na umwambie asiifanye ngumu kupita kiasi, kwa sababu ncha iliyozidi ugumu inameguka vipande kwenye itale, na iliyo laini inajikunja. Tindo yenye kichwa kilichochanua kama uyoga isagwe pembeni kabla haijapigwa tena. Vile vipande vinavyoruka kutoka kichwani mwake vinaingia mwilini kama risasi.

Kosa la vibarua wako, kwa jinsi ulivyoeleza, huenda ni kuanza na shimo jembamba. Kwenye udongo mtupu shimo la sentimita 30 linatosha nguzo ya 10. Kwenye mawe anza na 45. Mtaimbo unahitaji nafasi ya kulala ili uinue jiwe, na jiwe lenyewe linahitaji mlango wa kutokea. Shimo jembamba linamfunga mchimbaji: anabaki kudunda juu ya jiwe, analisaga kuwa vumbi, na jioni ameshuka kidole kimoja.

Mkigonga jiwe, acheni kupiga. Toeni udongo wote kwa kopo, pangusa uso wa jiwe kwa mkono, tafuteni ukingo. Ukishauona, chimba kando ya ukingo huo hadi ncha ya mtaimbo ipite chini ya tumbo la jiwe. Weka jiwe dogo gumu mdomoni mwa shimo liwe egemeo, sentimita 15 kutoka ncha. Mtaimbo wa mita 1.5 ukilala juu ya egemeo hilo unazidisha nguvu mara 9: mtu anayebonyeza kilo 40 anainua kama kilo 360. Likiinuka vidole viwili, mwenzake asukumie kokoto chini yake lisirudi. Bonyeza tena, sukumia tena. Jiwe linapanda ngazi kwa ngazi juu ya kokoto zake lenyewe mpaka linafika mdomoni. Anayesukumia kokoto atumie kijiti. Vidole visiingie chini ya jiwe hata mara moja.

Changarawe ngumu iliyoshikamana kati ya magimba ni habari nyingine. Hiyo inalainishwa na maji: chimba kibakuli cha sentimita 15, mimina lita 10 jioni, asubuhi mtaimbo unazama. Ndiyo maana kazi hii ni nyepesi zaidi wiki za mwanzo baada ya mvua kuliko Agosti. Kwenye jiwe zima maji hayasaidii kitu.

Gimba likigoma kutoka na huwezi kusogea, kama vile penye geti, livunjwe. Usipige katikati, piga ukingoni, au kwenye ufa, ukimega vipande kuelekea penye uwazi. Hili la uwazi ndilo siri ya kupasua itale. Jiwe halipasuki kama halina pa kusogea. Chimba kwanza upande mmoja wa jiwe mpaka ubavu wake uonekane, ndipo upasue kuelekea huko. Kwa kabari, toboa matundu ya milimita 20 kwenye mstari mmoja, umbali wa sentimita 10 hadi 15, kina sentimita 10. Kila tundu lishushie vyuma viwili vyembamba na kabari katikati yake. Piga kabari zote kwa zamu, pigo moja moja jepesi, urudi ya kwanza. Mlio utakuwa unapanda kila mzunguko. Ukifikia mlio mkali, simama, subiri dakika kadhaa. Mara nyingi jiwe hujipasua lenyewe watu wakiwa wamekaa. Mwenye haraka ya kupiga zaidi huishia na kabari iliyokwama na jiwe zima.

Miwani ya kazi ni lazima kwa kila aliye karibu, hata anayetazama. Na vumbi la itale lina silika, linaharibu mapafu polepole bila kuuma: lowesha jiwe kwa maji unapotoboa na vaa barakoa nzuri, kitambaa cha kichwani hakitoshi.

Kuhusu moto: ni kweli itale hupasuka kwa joto, kwa kuwa chembe zake hazipanuki sawasawa, na wavunja kokoto wanalijua hilo. Lakini wao huchoma jiwe lililo wazi. Moto ndani ya shimo haupati hewa ya kutosha, unachoma kuni nyingi na kubandua ganda la juu tu. Ukimwagia maji, vipande vinaruka usoni. Moshi wa matairi ni sumu kwako na kwa majirani, na jiwe lililochomwa linabaki na nyufa ndogo zinazolifanya lisiwe mahali pazuri pa kushikizia nondo, kazi ambayo huenda ukaihitaji hapo hapo. Baruti usiifikirie, ina leseni zake na watu wake.

Ukikuta mwamba mama

Hapa ndipo ushauri wa yule wa tatu unapokaribia ukweli. Zege likimwagwa juu ya jiwe kavu lenye vumbi linakaa juu yake kama sahani juu ya meza. Waya ukivuta, sahani inainuka na nguzo yake. Linalotakiwa ni zege lililofungwa kwenye mwamba kwa nondo.

Safisha mwamba mpaka uuone, eneo la sentimita 50 kwa 50. Toboa matundu mawili, moja kila upande wa mahali nguzo itakaposimama, yaani moja mbele na moja nyuma kwa mwelekeo wa mvuto. Kwa nondo ya milimita 12 tundu liwe la milimita 16. Kwa nondo ya 16 liwe la 20 hadi 22. Kina sentimita 25 hadi 30. Drili ya kawaida ya kutoboa ukuta haifui dafu. Azima au kodi ile inayopiga nyundo huku ikizunguka, pamoja na jenereta kama umeme haujafika kiwanjani.

Ukimaliza kutoboa, tazama ndani ya tundu: kuna unga mweupe umejaa chini na umepaka kuta zote. Huo unga ndio unaoangusha nguzo za watu. Saruji inashika unga, na unga haujashika chochote. Ingiza mpira mwembamba mpaka chini, pulizia kwa pampu ya baiskeli ukiwa umegeuza uso, sugua kuta kwa brashi ya waya, pulizia tena. Rudia mpaka hakitoki kitu. Kisha mwagia maji tundu linywe, yaliyobaki yanyonye kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti.

Koroga saruji tupu kwa maji kidogo iwe uji mzito. Jaza tundu nusu kwanza, ndipo ushushe nondo ukiizungusha, uji upande na kumwagika juu. Ukitanguliza nondo na kumimina uji baadaye, hewa inabaki chini na umeshika nusu ya urefu tu. Nondo ibaki nje kwa sentimita 40 au zaidi. Iache siku tatu bila kuitikisa.

Baada ya hapo simamisha nguzo kati ya nondo mbili, zifunge pamoja kwa waya wa kufungia nondo mahali patatu, tengeneza boksi la mbao la sentimita 40 kwa 40 na urefu wa 45, lowesha mwamba, mimina zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kichwa cha zege kiwe na mteremko kutoka kwenye nguzo ili maji yasikae.

Kama mwamba uko wazi na huna drili kabisa, tumia mawe yenyewe. Zungusha wavu wa waya mgumu kuwa pipa la kipenyo cha mita moja na kimo cha sentimita 90, simamisha nguzo katikati, jaza mawe yenye kona ukiyapanga kwa mkono. Pipa hilo linabeba zaidi ya tani moja. Linafaa nguzo za mstari na za bondeni. Kwa kona na geti silipendekezi.

Na ikiwa kona yenyewe imeangukia jabali la kimo cha mtu? Usihangaike nalo. Ikate kona: simamisha nguzo mbili ndani ya mpaka, moja kila upande wa jabali, na uunganishe nyaya kati yake. Unapoteza kipande kidogo cha pembe tatu ambacho hata muhogo usingeota.

Kusimika bila kumaliza saruji

Ukiamua kujaza zege mashimo yote, utatumia zaidi ya mifuko 20. Huna haja. Kona, geti na miguu ya mategemeo vinakula mifuko 8 hadi 9 ya kilo 50 kwa mchanganyiko niliokupa. Weka mmoja au miwili kwa nguzo za bondeni. Zilizobaki kaza kwa mawe uliyoyachimbua.

Nguzo ikisukumwa haizunguki kutoka chini kabisa. Inazungukia sehemu iliyo kama theluthi mbili ya kina, hivyo kisigino chake kinakwenda upande mmoja na shingo upande wa pili. Kaza mahali hapo pawili. Teremsha mawe matatu au manne yenye kona, ukubwa wa ngumi mbili, kuzunguka kisigino, yapigilie kwa upande bapa wa mtaimbo mpaka nguzo ikatae kucheza. Jaza changarawe yenye unyevunyevu kwa tabaka za sentimita 10 hadi 15, kila moja ishindiliwe mpaka mtaimbo udunde badala ya kuzama. Ukibakiza sentimita 15 kufika juu, weka pete ya pili ya mawe, yabanwe kati ya nguzo na ukuta wa shimo. Mawe ya mviringo tupa, yanabingirika. Udongo mwekundu laini uliotoka juu nao usiurudishe chini, kwani ukilowa unageuka tope na nguzo inaanza kuyumba masika ya kwanza.

Mategemeo: kichwa kishike nguzo ya kona mita 1.2 kutoka ardhini, mguu uwe umbali wa mita 2 hivi kwenye mstari wa waya, umeingia sentimita 30 kwenye zege. Na hapa jabali lililokuchosha linaweza kukufaa. Likiwa mahali pazuri, chonga kikalio kidogo na tindo, mguu wa tegemeo uegemee hapo, zege kidogo la kuuzuia usiteleze. Hakuna mguu imara kuliko huo.

Kwa vibarua wapya, usikubaliane bei moja ya shimo. Watakimbia tena, na hawatakuwa na kosa. Tembea nao mstari mzima ukiwa na karatasi ya vipimo, mgawanye mashimo makundi matatu, yaani ya changarawe, ya magimba na ya mwamba, kila kundi na bei yake. Mashimo yaliyo wazi jioni yafunikwe kwa mawe bapa au mbao. Shimo la sentimita 80 linavunja mguu wa mbuzi, na la mtoto pia.

Zege likishamwagwa lifunike magunia yaliyolowa, limwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7, ndipo uguse waya. Anza kukaza waya wa chini kabisa, sentimita 15 kutoka ardhini, ukitoka kona hadi kona, na mtu mmoja asimame kwenye nguzo za bondeni na mkono juu ya kichwa cha nguzo wakati unakaza. Akihisi inapanda, legeza hapo hapo, ongeza mawe na zege kwenye nguzo hiyo, na usubiri wiki nyingine kabla ya kuendelea na mstari huo.